Kadi Bubu za Kuze

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimelificha jambo hili miaka thelathini na tisa. Leo naliandika, maana kulisema sikuweza.

Nina kadi za posta za zamani mia nne na kumi na mbili. Watu wa hapa Kuze, Mombasa, huziita historia ya mji wetu. Wanafunzi huja kuziona. Wageni huzipiga picha. Basi sehemu ya historia hiyo nimeiandika mimi. Picha ni za kweli, sikuzigusa. Maneno ya mgongoni ndiyo yangu. Karani Mgoa, mtu wa Goa, anayemlalamikia dadake joto. Bibi wa Kizungu aliyeumwa na mbu. Mfanyabiashara wa Kihindi anayeuliza bei ya pamba. Wote ni mimi, Hamdan, mwalimu mstaafu wa historia, na kalamu ya nibu ya kuchovya wino, na chai ya rangi ya kuipaka karatasi ipate uzee.

Ngapi? Thelathini na saba. Au arobaini na moja. Sikumbuki, na hilo ni balaa jingine.

Sababu ninayo. Kadi nyingi zilinunuliwa zikawekwa, hazikutumwa. Unatazama mtaa mzima, watu, punda, mapipa, halafu unageuza mgongo: weupe. Kadi bubu! Mwalimu wa historia hawezi kuvumilia. Nikazipa ulimi.

Daktari anasema moyo umechoka. Nikamuuliza umechoka kiasi gani. Akasema nisianze kujenga ghorofa. Miguu imevimba. Nina miaka themanini na minne. Sawa.

Hizo nyingine naweza kuziita mzaha. Moja si mzaha. Jirani yangu wa mkabala ni Alawiya. Babake, Badawi, alikuwa mpishi wa meli. Aliondoka mwaka 1956, Alawiya akiwa na miaka minane, akafia Karachi. Mwaka 1986 mamake naye akafariki. Nilipokwenda kumpa pole, Alawiya aliniambia kinachomliza zaidi ni kwamba babake hakuwahi kumwandikia hata neno. Wiki mbili baadaye nikampelekea kadi, picha ya kivuko cha Feri, nikasema nimeiokota katika kasha la barua kuukuu. Mgongoni, maneno ya baba kwa mwanawe. Ndiyo kadi ya kwanza niliyoiandika. Ameilalia chini ya mto tangu hapo.

Sasa Duha, mjukuu wa dada yangu, anafanya maonyesho ya kadi zangu Jumamosi katika ukumbi wa chuo. Kadi ya Alawiya ndiyo ya katikati. Ameikuza ikawa kubwa kama mlango! Alawiya ataisoma mbele ya watu.

Sitaki kufa na haki ya Alawiya shingoni. Sharti anisamehe kabla ya Jumamosi. Na mpango ninao. Kwetu mtu akihisi safari yake imekaribia, huzunguka kwa majirani kutaka radhi. Nitakwenda nitake radhi ya jumla. Atanisamehe bila kujua anasamehe nini. Rahisi kabisa! Sijui kwa nini sikulifikiria mapema.

Jumanne, 7 Oktoba

Kutoka mlango wangu hadi wa Alawiya ni hatua kumi na mbili. Dakika tisa. Alinishika mkono Mirriam, mama anayenitunza, ambaye huvuka Feri kila asubuhi kutoka Likoni akiwa na habari za wote waliovuka naye. Aliponiona na kanzu ya Idi aliniuliza kama twenda kuposa.

Alawiya akasema, "Karibu, Mwalimu, keti," akanimiminia kahawa. Nikasema niliyoyapanga: nataka radhi kwa lolote nililomkosea, kubwa na dogo, la siri na la dhahiri. Hakungoja nimalize. Akasema amenisamehe duniani na akhera, na nisilitaje.

Nisilitaje! Nilihisi miguu inapungua uvimbe.

Nimeshashika fimbo niondoke, akasema na yeye ana lake. Kwetu radhi ni ya kupeana. Je, nalikumbuka lile kasha la kadi la marehemu daktari wa Ganjoni, mwaka 1994? Nikasema nalikumbuka. (Nalikumbuka kila siku! Kadi sitini na nane! Alilichukua Yeslam, jirani yangu na adui yangu, ambaye alianza kukusanya kadi baada ya kuona mimi nakusanya.) Alawiya akasema aliyemwambia Yeslam kuwa kasha linauzwa ni yeye. Alimpitia dukani asubuhi, neno likamtoka. Mimi alikuja kuniambia saa moja baadaye.

Miaka thelathini na moja nimemshuku kinyozi! Nimehama kinyozi mzuri bure!

Nikasema nitafikiria. Nikaondoka.

Njiani Mirriam akasema, "Mzee, yeye amekusamehe usiyoyataja, na wewe umeshindwa na la kasha?" Nikamwambia atazame njia, kuna maji.

Baada ya sala ya alasiri nikaketi barazani na wazee wenzangu. Wasiwasi ulikuwa umeniingia. Nikamuuliza Maalim Zakariya, kwa njia ya mfano tu, kuhusu mtu fulani aliyesamehewa kosa ambalo hakulitaja. Je, radhi hiyo imeshika? Maalim akasema yeye si mufti, ila kwa akili yake, anayesamehe afaa ajue anachosamehe, hasa kama kosa lenyewe bado laendelea.

Yeslam akauliza huyo mtu fulani, miguu imemvimba?

Baraza zima likacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka peke yangu mwishoni, muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Kosa bado laendelea. Jumamosi litakuwa kubwa kama mlango.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango wa pili. Kadi zote, isipokuwa ya Alawiya, bado ziko kwangu. Duha anazichukua kesho. Nikizirudisha zangu kuwa bubu, nusu ya maonyesho itakwisha maneno. Atayaahirisha. Alawiya hatasoma. Nitapata nafasi ya kupumua na kufikiri.

Pamba. Bakuli la maji ya vuguvugu. Miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Shida: zipi zangu? Nilijitahidi sana wakati ule kubadilisha mwandiko, sasa najidanganya mwenyewe. Nikasoma asubuhi nzima. Bibi wa mbu ni wangu au ni wa kweli? Mbu alikuwapo kweli. Bado yupo.

Halafu nikagundua! Karani Mgoa anamwandikia dadake kwa Kiingereza kwamba meli iliingia saa nne asubuhi na jua likimchoma utosi. Kwa saa za Kiingereza, saa nne hiyo ni giza totoro! Nilihesabu saa kama tunavyohesabu sisi, tangu jua kuchomoza, nikaitia hesabu hiyo katika Kiingereza. Mgoa wa kweli asingekosea hivyo. Ni mtu wa hapa tu, tena mwenye haraka. Basi alama ni hiyo. Palipo na jua katika saa za giza, ni mimi.

Nikapata tisa. Nikaanza kufuta. Karani akaondoka vizuri. Mfanyabiashara wa pamba akaondoka. Ya sita ni ya bibi aliyekunywa chai saa kumi jioni, jua bado kali. Saa kumi ya jioni kwa Kiingereza ni usiku mkubwa. Wangu huyo! Nikafuta. Wino ukatoka ukaacha kivuli cha buluu, na chini ya kivuli nikaona duara. Muhuri wa posta. Mombasa, 1909.

Sijawahi kuwa na muhuri wa posta.

Basi bibi yule alikuwepo. Pengine saa alifundishwa na mpishi wake. Aliandika kwa mkono wake, akabandika stempu, ambayo imekwisha kubanduka, akatuma, kadi ikazunguka dunia miaka mia moja ikarudi kwangu salama, na mimi nimemfuta kwa pamba.

Nimeweka bakuli chini. Sijui wale watano wengine walikuwa akina nani. Mirriam alipoingia akauliza kwa nini nafua kadi, na kama nataka azianike.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mpango wa tatu ulikuwa ukweli. Nimechelewa kuufikia, nakubali.

Duha alipokuja na maboksi yake nikamwambia aketi. Nikamweleza yote: nibu, chai, karani, Alawiya. Alinisikiliza kwa makini sana. Akauliza, "Babu, dawa za asubuhi umekunywa?" Mirriam akasema nimekunywa, zote, mbele yake. Duha akasema pengine zimezidi.

Nikasisitiza. Duha akasema kijitabu kimeshachapwa, nakala mia tatu, na jalada ni kadi ya Alawiya. Ila kwa kuwa yeye si mtaalamu, atamwita mtaalamu.

Mtaalamu! Akaja na Yeslam.

Yeslam alikuja na kioo chake cha kukuzia, kile chenye mpini wa pembe, ambacho huning'inia shingoni hata akienda kununua samaki. Duha akamweleza ninayoyadai. Nilimwona Yeslam akipauka. Najua kwa nini. Kadi zake kumi na moja zilitoka kwangu tulipokuwa tukibadilishana. Nilimpa karani Mgoa wawili, nikachukua picha ya soko la nyama.

Alizitazama moja moja. Akavuta pumzi. Akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Hamdan, yakhe, pumzika. Mwandiko huu ni wa watu waliofunzwa. Wewe nimeiona barua yako kwa kamati ya maji. Kama kuku aliyepita penye wino."

Nikamwambia kuku ni yeye. Nikaagiza kalamu. Nikasema nitaandika sasa hivi mbele ya macho yao, mwandiko wa karani, neno kwa neno. Wakaniletea. Mkono ukaanza kutetemeka kabla haujagusa karatasi. Nikaandika mstari mmoja. Tukautazama wote wanne. Mirriam akasema unafanana na ile karatasi inayotoka kwenye mashine ya moyo.

Duha akanibusu kipaji cha uso akabeba kadi zote. Hata zile bubu mpya. Alisema zimeharibika kwa unyevu na hilo linaongeza uhalisia.

Mlangoni Yeslam alibaki nyuma kidogo. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hata kama ni kweli, nina kichaa gani cha kusema sasa? Miaka yote hii! Tungekufa vizuri tu, kila mtu na karani wake.

Mpaka magharibi nilikuwa nimeanza kujishuku. Karani niliyemtunga namkumbuka hadi masharubu. Mtu wa kutungwa ana masharubu?

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikuweza kwenda msikitini. Baada ya sala nilimsikia Alawiya akifungua dirisha. Mpango wa nne: hakuna mpango. Kwenda na kusema.

Dakika kumi na moja safari hii.

Nilisema nikiwa bado nimesimama, nisipate nafasi ya kunywa kahawa na kughairi. Kwamba kadi ile si ya babake. Kwamba niliiandika mimi mwaka 1986, kwa huruma. Kwamba radhi aliyonipa Jumanne haikujua hili, na sasa naiomba upya.

Alawiya hakulia. Alikunja mikono. Akaisoma kadi yote kwa moyo, bila kuitazama, macho kwenye uso wangu. Alipofika pale pasemapo, "Kila chungu nipakuacho najiuliza kama mwanangu amekula," akatua. Akaniuliza hayo mimi niliyatoa wapi.

Nikasema kichwani.

Akasema, "Wewe? Wewe, Mwalimu, hujapatapo kukaanga yai. Marehemu mkeo alikuwa akikumenyea chungwa. Maneno ya mpishi utayajulia wapi?"

Kusema kweli ni hoja nzuri sana. Kwa kitambo nilikubaliana naye.

Halafu akasema anajua sababu. Ni kasha la daktari. Nimekasirika kwa sababu ya kasha, na mimi na kisirani changu tumeona tumlipize kwa kumnyang'anya baba. Hana picha ya babake. Hana kaburi. Ana kadi. Kama kadi si yake, basi mtu yule aliondoka na hakumkumbuka hata siku moja, na yeye ana miaka sabini na saba, hana wakati wa kuanza kulijua hilo sasa.

Akauliza, "Una ushahidi?"

Nikatazama mkeka.

Akasema basi nikalale. Na ile radhi ya Jumanne ameirudisha. Duniani na akhera.

Nilikwenda nikiwa nimesamehewa yote, nimerudi sina hata moja.

Jumamosi, 11 Oktoba

Maonyesho. Nilibebwa kwenye kiti, vijana wawili mbele, wawili nyuma, kama bwana harusi. Ukumbi umejaa. Watu wametoka hadi Kisauni. Yeslam kavaa joho! Joho, kwa kadi!

Nilijiambia: atakaposoma, nitasimama. Mbele ya mashahidi mia mbili hakuna atakayesema nimezidisha dawa.

Alawiya akapanda. Hakunitazama. Nyuma yake kadi kubwa kama mlango, na mwandiko wangu wa zamani, mnene, uliolala kidogo kulia. Mwandiko mzuri, lazima niseme. Akasoma. Alipofika kwenye chungu, mwanamke mmoja akaanza kulia, halafu safu nzima. Yeslam alijifuta kwa upindo wa joho. Na mimi nikalia! Nililia kuliko wote. Nilikuwa nimesahau jinsi sentensi ile inavyogeuka mwishoni. Watu walioandika hivyo siku hizi hawapo.

Nikasimama. Duha, masikini, akadhani nataka kutoa shukrani, akaniletea kipaza sauti. Nikasema, "Jamaa zangu. Maneno yale ni yangu."

Halafu mtu nyuma akapaza sauti, "Ni yetu sote, Mwalimu!" Na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikainua mkono waninyamazie. Wakazidisha. Nikasema hapana, sikilizeni. Bibi mmoja akanishika mkono akaubusu.

Nakiri hapa, kwa kuwa ni daftari la kukiri: niliinama kidogo, kama mtu anayepokea sifa. Mara mbili.

Nakala mia tatu za kijitabu zimekwisha. Yeslam anasema zichapwe tena.

Jumapili, 12 Oktoba

Alawiya alikuja mwenyewe. Hakuwa amekuja kwangu tangu nifiwe na mke. Alileta mkate wa sinia umefunikwa kitambaa.

Alisema jana aliniona nikilia. Akajua kwamba yale ya Ijumaa yalikuwa ugonjwa, hayakuwa uadui. Basi amenirudishia radhi yangu, yote, na hili la kadi ndani yake. Nami nikamsamehe kasha la daktari. Nilifanya kwa heshima kubwa. Nilihisi mtu mkarimu sana. Nikafikiri: imekwisha, Hamdan, funga daftari, lala.

Alipokuwa akivaa viatu akasita. Akasema ni uroho, anajua, lakini jana baada ya kusoma alitamani ingekuwepo na ya pili. Hata ya mstari mmoja. Mtu aliyeandika vile angeandikaje mara moja tu? Je, kasha lile la barua nililitazama vizuri mpaka chini?

Nikasema nitatafuta.

Alipotoka tu nikamtuma Mirriam akaninunulie nibu. Alirudi akasema amezunguka mji mzima, muuza vitabu wa mwisho amemcheka. Hakuna neno, ninayo moja iliyoshika kutu. Nimechagua kadi: picha ya mnara wa taa, pembe moja imekunjika, nami ninazo mbili kama hiyo, hivyo si hasara. Mkono unatetemeka, lakini mpishi anayeandika melini naye angetetemeka. Hata inafaa zaidi! Nimeshapata mwanzo: "Mwanangu, leo tumepika wali wa watu mia." Chai inapoa.

Mirriam alinitazama nikipaka karatasi. Mwanamke mwerevu, sijui nani alimwomba awe mwerevu. Akasema: zile nyingine zote zilinichanganya, sikujua ipi yangu ipi ya watu. Hii ya Alawiya, ambayo mwenyewe hakunikubalia wala mtaalamu, nilikuwaje na hakika nayo tangu mwanzo?

Nikamwambia nimesahau.

Sikusahau. Siku zile barua za mtaa mzima zilipitia sanduku la posta la duka la baba yangu, na aliyekwenda kuzichukua ni mimi. Mwaka 1956 nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ilikuja kadi moja ya Badawi kwa watu wake, yenye stempu ya Adeni. Badawi aliinunua hapa hapa kabla ya kuondoka: picha ya Kuze, duka letu, baba yangu kasimama mlangoni na kofia yake. Picha nyingine ya baba yangu sina. Picha nyingine ya Kuze ya wakati ule hana mtu yeyote, hata Yeslam. Sikuifikisha kwa kina Alawiya. Ninayo, ndani ya bahasha, chini ya godoro hili nililolalia. Mgongoni pameandikwa kwa penseli: "Mwambieni Alawiya viatu nimevipata. Vyekundu." Pembe zake zote nne ni nzima.